UZI: Kuhamisha gari iliyotuniwa kutoka ethanoli kwenda petroli ya sheli (na kurudi) bila kuua injini

#1 Boksa_Tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba majibu ya wanaojua, ubishi wa vijiweni tuuweke pembeni.

Gari ni Subaru Impreza STI ya 2004, injini ya EJ207. Nozeli cc 1,000, pampu ya lita 450 kwa saa, mipira ya teflon mpaka kwenye reli (bomba linalogawia nozeli mafuta), waidibendi (geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta) ipo. Kontrolboksi (kompyuta ya injini) ni ya kiwandani, inaandikwa kwa laptop na kebo. Mapu (jedwali la mafuta na muda wa plagi kuwasha) ziko mbili: ya E85 (ethanoli asilimia 85, petroli 15) busti (presha ya turbo) bar 1.5, ya petroli bar 1.1. Sensa ya ethanoli haipo.

Ethanoli inakuja kwa pipa kwa ajili ya siku za mashindano tu. Siku zilizobaki gari inatakiwa kwenda Posta na kurudi Tabata kama gari ya mtu yeyote. Utaratibu sahihi wa kuhama ni upi? Fundi mmoja anasema pakia mapu, jaza petroli, ondoka. Mwingine anasema lazima tangi lishushwe. Nimebaki katikati.

#2 chuma_chakavu

Mkuu unajipa presha bure. Andika mapu ya petroli, jaza sheli, trimu (marekebisho ya mafuta ambayo boksi inajifanyia) zitarekebisha zenyewe. Kontrolboksi siyo mjinga.

#3 Dada Spana

"Trimu zitarekebisha" ndiyo sentensi inayouza pistoni nyingi pale Gerezani. Tuhesabu kwanza.

Lita moja ya petroli inahitaji karibu kilo 10.9 za hewa ili iungue yote. Lita moja ya E85 inahitaji kama kilo 7.7. Kwa hewa ileile, basi, E85 lazima imwagwe zaidi kwa karibu asilimia 40. Trimu za boksi ya kiwandani kwa kawaida hufika ukomo kwenye asilimia 25 hivi, zinawasha taa ya injini na kukaa hapohapo. Pengo bado lipo. Isitoshe, trimu ni za mwendo wa taratibu. Ukikanyaga mpaka chini, boksi inaacha kusikiliza sensa ya oksijeni ya kiwandani, inamwaga kilichoandikwa kwenye mapu, basi.

Kuna makosa mawili hapa, na kila moja lina namna yake ya kukuumiza.

Mapu ya petroli ikikuta E85: mafuta hayatoshi. Sailensi (injini ikiwaka bila kukanyagwa) linayumba, gari inamisi, pengine inazima kabla haijatoka getini. Huyu ana afadhali, maana anajitangaza mapema. Hatari ni yule anayelazimisha busti hivyohivyo, valvu za ekzosi na pistoni zinapikwa.

Mapu ya E85 ikikuta petroli: hapa watu hujidanganya kwamba ni salama kwa kuwa "mafuta yamezidi". Kama mapu ililenga lamda 0.80 kwenye busti (lamda 1 ni mchanganyiko sawia, chini ya hapo mafuta yamezidi), petroli ikiingia unashuka mpaka 0.56 hivi. Plagi zinalowa, oili kwenye kuta za silinda inaoshwa, petroli inateremka mpaka kwenye sampu (bakuli la oili). Na taimingi (muda wa plagi kuwasha) nayo imeandikwa kwa mafuta ambayo oktani yake iko juu ya 100 na yanayopoza hewa: ethanoli ikigeuka mvuke inanyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli kwa kila kilo. Ondoa ubaridi huo, acha taimingi ileile na bar 1.5 ileile, injini itagonga. EJ hupasuka kwenye kingo za ringi za pistoni, ugonjwa unajulikana.

Tusichanganye maneno pia. Nikisema kugonga namaanisha mchanganyiko kulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. "Injini imenoki" ya mtaani ni matokeo, tayari umeshachelewa.

#4 chuma_chakavu

Sawa dada, nimekaa chini. Ila nilisoma waidibendi ya jamaa ikiwa kwenye E85 ikaonyesha 11.5, si ni sawa na petroli tu?

#5 Dada Spana

Geji haijui kuna mafuta gani. Inapima oksijeni, inapata lamda, kisha inazidisha kwa 14.7 kwa sababu kiwandani waliiseti kwa petroli. 11.5 yako ni lamda 0.78. Kwenye E85 uwiano halisi ni 0.78 mara 9.8, yaani 7.6 hivi. Weka geji isome lamda, uachane na hesabu za kichwani barabarani.

#6 Mzee wa Lamda

@Boksa_Tabata, mafundi wako wote wawili wamekosea kidogo. Tangi halishushwi, ila haliachwi lilivyo.

Endesha kwa mapu ya E85 mpaka taa ya mafuta iwake. Usingoje pampu inyonye hewa, mafuta yanayopita ndani yake ndiyo yanayoipoza. Paki kivulini, mahali pa wazi, mbali na jiko la mama ntilie na mbali na mvuta sigara. Moto wa ethanoli mchana hauonekani vizuri, utahisi joto kabla hujaona mwali, kwa hiyo mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu uwe mkononi, siyo ndani ya buti.

Fungua kifuniko cha tangi kutoa presha. Chomoa mpira unaopeleka mafuta kwenye reli, uelekeze kwenye dumu lililokaa chini ardhini. Kwenye soketi ya rilei ya pampu, unganisha kwa waya wenye fyuzi ya ampea 20. Pampu ya lita 450 kwa saa inatoa lita 7 na kitu kwa dakika, kwa hiyo dakika mbili zinatosha. Sikiliza: sauti ikibadilika ikaanza kulia, kata.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tangi la Subaru hizi lina umbo la tandiko la punda. Propela shafti inapita katikati, mafuta yanakaa pande mbili. Pampu iko upande mmoja. Mafuta ya upande wa pili yanahamishwa na jeti ndogo inayosukumwa na mafuta yanayorudi kutoka kwenye reguleta ya presha. Wewe umechomoa mpira wa kupeleka, hakuna kinachorudi, jeti imekufa, na upande wa pili umebaki na lita kadhaa za E85 wakati unajisifu tangi limekauka. Fungua kifuniko cha upande wa pili (kiko chini ya kiti cha nyuma au ya kapeti ya buti, inategemea bodi), uvute kwa pampu ya mkono. Siyo kwa mdomo, tafadhali.

Rudisha mpira. Mimina petroli lita 5. Washa pampu kwa rilei dakika mbili au tatu bila kupiga stata: petroli inazunguka kwenye reli, inasukuma E85 iliyolala humo, inarudi tangini. Chomoa tena, toa zote. Hizo lita 5 weka pembeni kwenye dumu la mchanganyiko, usizimwage mtaroni. Sasa jaza petroli lita 40.

Mapu andika wakati gari imezimwa na betri iko kwenye chaja. Betri ikianguka katikati ya kuandika, boksi inaweza kufa, na hiyo ni safari nyingine.

Piga stata. Acha ipate moto mpaka feni izunguke. Angalia trimu ukiwa sailensi, kisha ukiwa kilomita 60 kwa saa bila busti. Ndani ya asilimia 5, juu au chini, uko vizuri. Ikisimama kwenye +10 na kuendelea, bado una ethanoli ya kutosha humo ndani.

#7 Mdau_wa_Grande

Mzee, na sisi wa Mark II Grande je? Tangi tandiko lipo?

#8 Mzee wa Lamda

Inategemea modeli na kama ni 4WD. Inua kiti, ukikuta vifuniko viwili, fikiria tandiko. Kikiwa kimoja, bado pima kilichobaki badala ya kuamini geji ya dashibodi.

Na gari ambazo hazina mpira wa kurudisha mafuta kutoka kwenye reli, ile njia ya kuzungusha bila kuwasha haifanyi kazi. Kwenye hizo E85 ya reli itatoka kwa kuungua tu, kwa hiyo zitayumba dakika ya kwanza. Ziache sailensi zimalize.

#9 Boksa_Tabata

Asante sana. Kwani lazima nitoe yote? Nikijaza juu ya kilichobaki inakuwaje?

#10 Dada Spana

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Tuseme zimebaki lita 8 za E85. Ethanoli safi humo ni 8 × 0.85 = lita 6.8. Ongeza petroli lita 40, jumla 48. 6.8 ÷ 48 = asilimia 14. Una E14.

E14 kwenye mapu ya petroli inahitaji mafuta zaidi kama asilimia 5. Trimu zinabeba hiyo kwenye mwendo wa kawaida, lakini kwenye busti hakuna anayebeba. Kwa hiyo E14 unaendesha Tabata–Posta bila wasiwasi, ukikaa nje ya busti. Tangi likishuka tena mpaka lita 8 ukaongeza 40, unabaki na asilimia 2.4. Hapo ni petroli tu.

E30 ni habari nyingine: pungufu ya asilimia 12 hivi. Usikanyage kabisa.

Kwa hiyo ukiwa na subira, njia ya kujaza mara mbili bila kufungua chochote ipo, mradi tangi la kwanza ulitembelee kama umebeba mayai. Asiye na subira afuate #6.

#11 Kwetu Pwani

Naongeza kitu ambacho hakijaguswa: pima, usikadirie. Silinda ya maabara ya ml 100 inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara mjini. Weka maji ml 20. Ongeza mafuta yako mpaka mstari wa 100, yaani ml 80. Ziba, tikisa dakika moja, achia presha kidogo, weka chini dakika kumi. Ethanoli inahamia kwenye maji, petroli inabaki juu. Soma mstari wa chini ulipofika.

Mfano: maji yalikuwa 20, sasa yanasoma 36. Yameongezeka 16. 16 ÷ 80 = asilimia 20.

Kwa mafuta yenye ethanoli nyingi tumia maji 50 na mafuta 50, la sivyo maji hayatoshi kuivuta yote. Na jua kwamba maji na ethanoli zikichanganyika zinasinyaa, kwa hiyo kipimo hiki kinasoma chini kidogo ya ukweli. E85 halisi inaweza kukusomea 78. Siyo kwamba umeibiwa.

Sampuli itoke kwenye reli au mpira wa kupeleka. Ya mdomo wa tangi ni mafuta yaliyoingia leo, injini inakunywa yaliyoko chini.

#12 fundi_umeme_Mbagala

Safi. Sasa tuulize swali la msingi: hiyo ethanoli ya kwenye pipa ni ipi? Maana E85 ya pampu hatuna hapa Dar, kila mtu anachanganya mwenyewe.

#13 Kwetu Pwani

Swali zuri kuliko yote humu.

Spiriti inatengenezwa nchini kutokana na molasi ya miwa, Kilombero ni mfano. Ila spiriti ya kawaida ya viwanda vya vinywaji ni ya asilimia 96, hiyo 4 iliyobaki ni maji. Siyo uzembe wa kiwanda. Kuikeneka peke yake kunagota karibu na 97 kwa ujazo, kupita hapo wanahitaji kifaa kingine cha kukausha. Ukitaka ya 99.5 lazima uiagize kwa jina hilo na upewe karatasi ya vipimo.

Asilimia 96 siyo kwamba haichomi. Brazili gari zinatembelea ethanoli yenye maji ya namna hiyo miaka nenda rudi. Shida yake inakuja wakati wa kuhama, na ndiyo maana naiandika kwenye uzi huu.

Angalia: lita 8 zilizobaki, zilizochanganywa na spiriti ya 96, zina maji kama robo lita. Zikiwa E85 maji hayo yameyeyuka, huyaoni. Mimina petroli lita 40 juu. Sasa ethanoli ni kama asilimia 14 tu, na maji yamekuwa asilimia 0.57 ya tangi zima. E10 kwenye nyuzi 15 inabeba maji kama asilimia 0.5 tu kabla ya kujitenga. E14 inabeba zaidi kidogo, na joto la Dar linakusaidia, lakini uko ukingoni. Ongeza unyevu ulioingia kwa kifuniko kilicholegea wakati wa masika, au panda nayo Lushoto usiku wa baridi, mafuta yanageuka maziwa halafu yanajitenga. Tabaka la maji na ethanoli linakaa chini kabisa. Na pampu inanyonya wapi? Chini kabisa.

Dalili: gari iliyolala vizuri, asubuhi inawaka sekunde tano, inazima, haiwaki tena. Chota sampuli kwenye chupa ya kioo. Ukiona mistari miwili, toa yote, usijaribu kutikisa gari.

Kwa hiyo mwenye spiriti ya 96 asitumie njia ya kujaza mara mbili ya #10. Akaushe tangi pande zote mbili kama #6.

#14 chuma_chakavu

Na gongo je? 😂

#15 Kwetu Pwani

Gongo nusu yake na zaidi ni maji. Hiyo ni kosa kisheria na kosa kiufundi kwa pamoja.

La maana zaidi kuliko gongo ni spiriti ya rangi ya madukani. Nyingine huwekewa methanoli ili zisinyweke. Methanoli inahitaji mafuta mengi zaidi hata ya ethanoli (uwiano wake 6.5 hivi kwa 9.0 ya ethanoli safi), inakula alumini haraka, na mvuke wake ni sumu. Bila karatasi ya vipimo, usiweke. Na spiriti ina mambo ya leseni na ushuru, nunua kwa muuzaji mwenye risiti.

Kuchanganya: kwa lita 40 za E85, ethanoli 34 na petroli 6. Kama ethanoli ni ya 96, kiuhalisia umepata E82 hivi yenye maji kidogo. Mwambie aliyeandika mapu, asije akashangaa trimu.

#16 fundi_umeme_Mbagala

Nimpe OP (mwenye uzi) upande wa sensa, maana kwa matumizi yake ndiyo dawa.

Sensa ya ethanoli ya Continental (ile inayotumika kwenye gari za GM) ina waya tatu: volti 12, hasi, na signali. Signali ni Hz. 50 Hz ni petroli tupu, 150 Hz ni ethanoli tupu. Toa 50, kinachobaki ni asilimia. 90 Hz = E40. Upana wa pigo unakuambia joto la mafuta. Ikipanda juu ya 150 kwa mbali, shuku uchafu au maji: sensa inapima uwezo wa mafuta kushika chaji, na kwa kipimo hicho petroli iko kwenye 2, ethanoli 24 hivi, maji 80. Maji kidogo tu yanaidanganya kwamba ethanoli imeongezeka. Methanoli nayo inaidanganya vilevile.

Ifunge kwenye mpira wa kurudi, baada ya reguleta, mbali na joto la turbo. Signali inahitaji rezista ya kuivuta kwenda volti 5, boksi nyingine inayo ndani, nyingine huna budi uiweke mwenyewe. Wengi wanaosema "sensa mbovu" wamesahau rezista.

Boksi ya kiwandani ya 2004 haisomi Hz hizo moja kwa moja. Ama uweke kontrolboksi ya Link au Haltech, ama kigeuzi cha Hz kwenda 0–5 V na mapu iliyoandikwa kwa ajili hiyo. Na aliyeandika mapu aweke jibu la dharura: signali ikipotea, busti ishuke mpaka ya springi ya wesigeti (valvu inayodhibiti busti), taimingi irudi ya petroli, kiasi cha mafuta kibaki kwenye asilimia ya mwisho iliyosomeka. Asiache vyote virudi petroli, ukiwa na E85 tangini utakuwa umekaushwa mafuta katikati ya mwendo.

Hata ukiwa nayo, ukitoka sheli usikanyage. Mpira na reli vimejaa mafuta ya zamani, mapya yanafika baada ya muda. Dakika kumi za mwendo wa taratibu, na foleni ya Tazara inakulazimisha hata usipotaka.

#17 Mdau_wa_Grande

Na kurudi ethanoli? Kinyume tu?

#18 Dada Spana

Karibu kinyume. Kausha petroli pande mbili, mimina lita 5 za E85, zungusha, toa, jaza, andika mapu ya E85, washa. Tofauti ziko kwenye vitu vinavyozunguka mafuta:

Filta. Ethanoli inaosha uchafu wa miaka uliogandamana tangini na kuupeleka mbele. Tangi la kwanza na la pili ndizo hatari. Presha ikianza kushuka kwenye busti wakati sailensi iko safi, filta imejaa. Kuwa na nyingine mkononi.

Mpira wa ndani ya tangi, ule mfupi unaounganisha pampu na mfuniko. Huu ndio unaosahaulika. Mtu anaweka teflon ya bei kubwa chini ya boneti, halafu ndani ya tangi amefunga mpira wa kawaida wa kukata kwa futi. Mpira wa kuzama kwenye mafuta uwe na maandishi SAE 30R10. Wa 30R7 ukizama unavimba na kulainika, unachomoka kwenye klipu, na presha inapotea ghafla kwenye busti. Hakuna kelele, hakuna kinachovuja nje, ni lamda tu inapaa.

Pampu. Ile ya Walbro ya lita 255 kwa saa ya zamani (GSS342) haikukusudiwa E85. F90000267 ya lita 450 inakubali. AEM 50-1200 inakubali. 50-1000 ni ya petroli, na zinafanana kwa sura, soma namba.

Nozeli. OP za cc 1,000 zinatosha. Kwa wengine: nozeli nne za cc 550 kwa petroli zinabeba kama farasi 300 zikifanya kazi asilimia 85. Zilezile kwenye E85 zinabeba 215 hivi. Kwa farasi 300 za E85 unahitaji karibu cc 780 kila moja. Anayetaka "kuonja ethanoli" na nozeli za kiwandani anaonja kitu kingine.

Oili. Ethanoli isiyoungua inaingia kwenye oili, hasa safari fupi ambazo injini haipati moto. Ukiona rangi ya chai ya maziwa kwenye kifuniko cha oili, badilisha. Kilomita 3,000 zitoshe.

Plagi. Namba ya NGK ikipanda, plagi inapoa zaidi. 7 inafaa pande zote mbili, gepu milimita 0.7. Ukiweka 8 kwa ajili ya siku ya mashindano, itoe Jumatatu. Kwenye foleni ya Buguruni na petroli itaota masizi, gari itamisi, utafukuza koili zisizo na kosa.

#19 Mzee wa Lamda

Nikazie upande wa petroli, maana busti 1.1 ya OP siyo namba takatifu. Gari hizi ziliandikiwa Japani, ambako mafuta ya daraja la juu yanauzwa kama oktani 100. Hata mapu ya kiwandani ya STI ya Japani ni kali kwa petroli ya sheli zetu. Mapu yako ya petroli lazima iwe imeandikwa na kurekodiwa kwa mafuta ya hapahapa, na siku ya joto la Februari, siyo usiku wa Julai.

Na mtu asije akaniambia "sheli ile ina vinasaba". Vinasaba vinaonyesha kama mafuta yamelipiwa kodi na hayajachakachuliwa kwa mengine. Havikupi oktani.

Baada ya kuandika mapu, rekodi vitu vitatu: IAM (kizidishio kinachoonyesha boksi inaiamini taimingi kiasi gani), marekebisho ya kugonga, lamda. Boksi ikianzishwa upya IAM huanza nusu, iache ipande mpaka 1 (au 16 kwa boksi za zamani) kwa mwendo wa wastani. Kisha gia ya tatu, kanyaga nusu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500. Hakuna kugonga? Kanyaga yote mpaka 5,500. IAM ikishuka, ondoa mguu, usitafute sababu ukiwa umekanyaga. Na iwe mahali panaporuhusu, siyo Bagamoyo Road saa mbili usiku.

#20 Kwetu Pwani

Kuhifadhi, kwa kifupi. Pipa lijae na lizibwe, hewa ya Pwani ina maji na ethanoli inayanywa. Gari ikikaa zaidi ya wiki mbili, isikae na E85. Hamia petroli, ichome dakika 20 ili nozeli na reli zioshwe, ndipo ulaze. Nozeli zilizolazwa na ethanoli yenye maji huamka zimeganda.

#21 Boksa_Tabata

Wakuu nimekausha pande mbili, upande wa pili zimetoka lita 5 na nusu ambazo nisingejua zipo. Spiriti ilikuwa ya 99.5, karatasi ninayo. Nimesahau hatua ya kuzungusha lita 5 na kutoa, nikajaza petroli 40 moja kwa moja. Silinda: maji 20, mafuta 80, mstari umesimama 31. Trimu sailensi +6. Mapu ya petroli iko ndani.

#22 Dada Spana

11 kwa 80 ni karibu 14, ongeza kusinyaa, weka 15. Trimu yako inakubaliana na silinda, kwa hiyo hakuna uvujaji wa hewa unaojificha hapo. Ila kwa petroli 40, E15 inahitaji lita 8 na nusu hivi za E85. Hizo hazikulala kwenye reli, reli haibebi hata nusu lita. Zilibaki chini ya mdomo wa pampu, ndizo lita 5 za kuzungusha zingezichanganya na kuzipunguza.

Usifungue tena. Tembelea hivyohivyo bila busti mpaka taa ya mafuta, ongeza 40, pima upya. Mstari ukisoma 22 au chini, rekodi kama alivyosema Mzee, gia ya tatu, nusu mguu kwanza.